Jamalilleil: jina moja, irabu mbili

Lamu wanaliandika jina hili la ukoo Jamalilleil. Perlis, kaskazini mwa Malaysia, wanaandika Jamalullail. Wepesi wa kulaumu watasema karani kakosea, lakini hakuna aliyekosea.

Kwa Kiarabu ni maneno mawili, jamal na layl, yaani uzuri wa usiku. Yakiunganishwa, alif ya "al" iliyo mbele ya layl humezwa, na lam ya mwisho ya jamal ndiyo inayobaki na irabu. Jina likitajwa peke yake, irabu hiyo ni dhuma, yaani u: Jamalu-llayl. Likitanguliwa na "ibn", inakuwa kasra, yaani i: Jamali-llayl. Malaysia wameshika dhuma, Lamu wakashika kasra. Wakomoro nao, kwa mazoea ya Kifaransa, huanza na Dj. Na anayetafsiri "ngamia wa usiku" amelisoma bila alif inayorefusha a: ngamia ni jamal ya a fupi.

Shina liko Tarim, Hadhramaut, nchini Yemen. Hii ni nyumba mojawapo ya Ba Alawi, wazao wa Mtume Muhammad kupitia Ahmad bin Isa al-Muhajir aliyeihama Basra mwaka 929. Ndiyo maana mwenye jina hili Lamu huitwa Sharifu, na Malaysia Syed. Perlis walianza kutawala 1843, na Raja wao, Tuanku Syed Sirajuddin, alikuwa mfalme wa Malaysia yote kuanzia 2001 hadi 2006. Lamu haikupata kiti cha enzi. Ilimpata mwanachuoni wa ukoo huu, Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, na Msikiti Riyadha wake.

Wako wangapi? Hapo ndipo pagumu. Sensa ya Kenya huuliza kabila, haiulizi ukoo. Kitambulisho nacho aghalabu kina jina la mtu, la baba na la babu, basi; la ukoo limeshaanguka. Wakati mwingine jina la babu hugeuka kuwa la ukoo: wazao wa Ahmad Badawi, mwana wa Habib Saleh, wengi wanajulikana kwa Badawy tu. Ukitafuta Jamalilleil peke yake hutawaona. Ukimkusanya kila Badawi, nako utapotea: Abdullah Ahmad Badawi, aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia tangu 2003, jina hilo halimwingizi katika ukoo huu, japo mfalme wake siku zile alikuwa Jamalullail.

Kwa hiyo mimi nashauri uanze na hati ya Kiarabu, جمال الليل au جمل الليل bila alif, maana hiyo haibadiliki sana bandarini. Kisha orodhesha tahajia zote unazokutana nazo. Tahajia ikishakubali, dai silsila, yaani orodha ya nasaba, uhesabu majina. Karne moja hubeba vizazi vitatu hivi, kwa hiyo kutoka al-Muhajir hadi mtoto wa leo tarajia majina 30 na kitu. Ukipewa 18, kuna watu wamerukwa, na si lazima kwa hila. Majina ni yaleyale, Alawi, Ahmad, Abdallah, Alawi tena. Jicho la mnakili huondoka kwenye Alawi wa kwanza likatua kwa wa pili, na wote waliokuwa katikati wakatoweka. Linganisha nakala mbili za nyumba tofauti, pengo litajionyesha.

Usisahau kuuliza upande wa mama. Sharifa hubaki na jina la babake hata akiolewa, ila watoto humfuata baba yao. Akiolewa nje ya ukoo, mjukuu wa Jamalilleil anaweza kuwa na jina lisilofanana nalo hata herufi moja.