Nilivyookoa data zangu za dagaa, na folda ambayo siigusi tena

Wengi wameniuliza nilimalizaje tasnifu wakati data zilishaharibika, leo naandika yote maana nimechoka kuona wadogo zetu wanapewa ushauri ule ule niliopewa mimi. "We weka kila kitu folda moja, ukibadilisha kitu ongeza tarehe kwenye jina la faili, utapanga mwishoni." Ushauri huo umenilia miezi miwili na nauli sijui kiasi gani, tuseme laki na ushee.

Kazi ilikuwa ya dagaa. Kuanzia Februari mpaka Septemba 2022 tuliandika mavuno ya mitumbwi kwenye mialo mitatu ya Ziwa Victoria kule Mwanza, Kirumba, Igombe na Kayenze: usiku waliotoka, taa ngapi, ndoo ngapi, uzito wa sampuli. Vijana wanajaza karatasi, mmoja anaingiza kwenye kompyuta, ananiletea kwa fleshi, akishanipa anafuta apate nafasi. Tarehe tunaandika kama kila mtu huku, siku kwanza, 3/4/2022 ni tarehe tatu mwezi wa nne. Sasa laptopu yangu ni ya mtumba, ilikuja na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Excel ikasoma 3/4 kuwa tarehe nne Machi, kimya kimya. Zile ambazo siku imezidi 12 ikashindwa, ikaziacha kama maandishi, mimi nikaona zimegoma tu nikazirekebisha kwa mkono, nikaiweka kolamu nzima mtindo wa mwaka-mwezi-siku, ikapendeza, nikasevu juu ya faili lile lile. Mafaili mengine nilifungulia kompyuta ya ofisini ambayo ilisoma sawa. Halafu yote nikayapesti pamoja. Kwa hiyo ndani ya faili moja kuna tarehe zilizogeuzwa na tarehe nzima, na hakuna alama yoyote ya kuzitofautisha.

Niligundua siku nachora grafu ya mavuno kwa mwezi, naona dagaa wa Desemba. Desemba hatukuwa hata na karatasi! Zile za Januari na za Oktoba mpaka Desemba zilikuwa rahisi, ni za kugeuza tu, ila zile ambazo siku na mwezi vyote viko kati ya 2 na 9 utajuaje?

Hapo nikapata wazo ambalo niliamini litaniokoa. Kuna mzee wa Igombe aliwahi kuniambia, "Kijana wangu, dagaa unamtafuta gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa yako itamvuta nani wakati ziwa lote linawaka?" Na kweli mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Basi nikasema, tarehe iliyogeuzwa itaangukia mbalamwezi, nitaikamata. Nikaandika skripti (faili la amri) ya R, programu ya kuchambua data, nikaanzia giza la tarehe 2 Machi 2022 nikawa naongeza siku 29.53, kila tarehe naipa umri wa mwezi wa angani siku hiyo. Siku tatu nimekaa na hiyo skripti, naipenda kabisa. Naendesha: tarehe zote ziko gizani. Nazigeuza zote, naendesha tena: bado ziko gizani! Nikakagua kodi mstari kwa mstari, nikadhani nimekosea kujumlisha.

Usiku nikachukua karatasi na kalenda. Tarehe 3 Aprili ni siku mbili baada ya giza. Tarehe 4 Machi nayo ni siku mbili baada ya giza. Kumbe! Mwezi wa angani unamaliza mzunguko kwa siku 29 na nusu, mwezi wa kalenda una 30 au 31 ukiacha Februari, hivyo kila mwezi giza linarudi nyuma kama siku moja: 2 Machi, 1 Aprili, 30 Aprili, kisha 30 Mei, 29 Juni. Maana yake ukijumlisha namba ya siku na namba ya mwezi, jumla ikiwa ile ile basi na mwezi angani uko karibu vile vile. Na tatu jumlisha nne, au nne jumlisha tatu, ni saba tu. Yaani nilichagua kipimo kile kile ambacho kugeuza siku na mwezi hakukisumbui. Ni kitu kizuri sana kukijua, ila data zangu hakikuziponya.

Zilizoponya ni karatasi. Nikapanda daladala mpaka Kayenze kwa mama wa yule kijana aliyekuwa akiingiza data, akaniambia, "Mwanangu, makaratasi yako yako juu ya kabati, niliwakataza wasifungie karanga." Mungu ambariki yule mama. Karatasi mbili tu za Juni ndizo hazikuonekana. Nilizipiga picha zote hapo hapo barazani, moja moja, na wiki mbili zilizofuata nikaingiza upya kila tarehe.

Baada ya hapo ndo nikapanga vitu kama mtu mwenye data. Folda moja inaitwa data_mbichi, ndani yake kuna picha za karatasi na mafaili yenye tarehe nilizoingiza upya, yote nimeyafunga yasomeke tu, na hata kuyafungua kwa Excel ni mwiko. Tena nimeyachukulia md5, yaani alama ya vidole ya faili, herufi na tarakimu 32, na skripti ya kwanza kabisa inalinganisha hizo alama, ikikuta moja imebadilika inagoma kuendelea. Marekebisho yote, hata la nukta moja, yako kwenye skripti pamoja na sababu yake. 01_soma.R, 02_safisha.R, 03_chambua.R, 04_grafu.R, na endesha.R inayoziita kwa mfuatano. Vinavyozalishwa vinaenda data_safi na matokeo.

Kila Ijumaa nafuta data_safi na matokeo, zote mbili, naendesha upya. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Dakika sita, vikarudi vyote, isipokuwa jedwali moja nililokuwa nimelirekebisha kwa mkono nikasahau, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Niliambiwa pia Git, programu inayotunza historia ya mafaili, ni ya maprograma, mtu wa samaki haimhusu. Si kweli hata kidogo. Mimi natumia amri nne tu na zimeniondolea "tasnifu_mwisho_kabisa2". Picha nzito usiweke humo, ziweke kwenye fleshi mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Na andika toleo la R! Rafiki yangu Bukoba alikuwa na la zamani, skripti yangu ikampa majibu mengine, maana kuanzia R 4.0.0 ya 2020 data.frame, yaani jedwali la R, haigeuzi tena maandishi kuwa makundi yenyewe. Na njia za mafaili, yaani anwani zake kwenye kompyuta, zianzie kwenye folda ya mradi, sio C: ya kwako.

Mwaka uliofuata, nikiwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, msimamizi akapiga: mtahini anataka matokeo bila Juni ya Kayenze, kwa sababu ya zile karatasi mbili, na anayataka leo. Tukaingia kivukoni, nikaweka laptopu mapajani, nikaongeza mstari mmoja kwenye 02_safisha.R, nikaendesha. Grafu tano na majedwali yote yakatoka upya, nikaunganisha bando la simu, nikatuma kabla hatujagusa Busisi, ng'ambo ya pili.