Ng'ombe wa Kongwa na Mfupa Mdomoni

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unaachana na mabasi makubwa pale Mbande na kushika njia ya Kongwa. Mwezi wa tisa nchi imekauka, mibuyu haina hata jani, na vumbi jekundu linaingia garini ukifunga vioo usifunge. Huku ndiko Waingereza walikoanza ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya ukame na udongo mgumu kuwashinda. Karanga zilikataa, ng'ombe wakakubali.

Ranchi niliyofikia inafuga Boran, ng'ombe wenye nundu ambao asili yao ni kwa Waborana, kusini mwa Ethiopia. Mimi ni mtu wa pwani. Niliamini ng'ombe ni mnyama wa kula nyasi, kucheua na kulala, basi.

Mzee mmoja mchungaji ndiye aliyenitembeza. Hatujafika mbali, tukamkuta mtamba mwekundu amejitenga na wenzake. Kichwa juu, shingo kainyoosha, na pembeni mwa mdomo kumechomoza mfupa mweupe mrefu kama sigara. Nilisogea hadi nikamsikia. Anausukuma mfupa kwa ulimi mpaka kwenye magego, anauminya, unateleza, anaurudisha tena. Udenda mzito uliochanganyika na vumbi ulikuwa ukimchuruzika hadi kifuani, na macho kayafumba nusu kwa utamu.

"Babu, huyu anakula mifupa?"

"Anatafuta dawa yake, mjukuu wangu. Ana mimba huyo. Nyasi za kiangazi hazimtoshi."

Mzee hakukosea. Nyasi zikikauka, fosforasi iliyomo hupungua sana, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha ndiye anayeihitaji zaidi, maana anajenga mifupa ya ndama au anatoa maziwa kila siku. Mfupa umejaa madini hayo. Hakuna aliyemfundisha, lakini upungufu ukimbana anautafuta, na akipata madini ya kutosha hamu hupungua. Kwangu mimi hiyo ni akili ya mwili inayostahili heshima kubwa.

Ila dawa hiyo ina sumu yake. Mfupa uliotoka kwenye mzoga unaweza kubeba sumu ya bakteria inayolegeza misuli: miguu inaisha nguvu, ng'ombe anashindwa kusimama, hata kumeza, kisha anakufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa Afrika Kusini walipoteza ng'ombe wengi kwa ugonjwa huo, mpaka daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort walipobaini kwamba chanzo ni mifupa, na kwamba nyuma ya mifupa kuna njaa ya fosforasi. Ndiyo maana mzee hakumwacha mtamba wake aendelee kustarehe. Alimwendea taratibu akimwita, akamshika pembe, akauchomoa mfupa na kuutia kwenye gunia alilokuwa nalo begani.

Karibu na lambo niliona jingine. Ndama kama kumi hivi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha mgunga, na jike mmoja mkubwa amesimama kando yao, hali, hatembei. Mama wengine wote walikuwa majini. Nilipopiga hatua chache kuelekea kivulini, yule jike akatoa mlio mfupi, mzito, wa kifuani. Ndama wakainuka wote kwa pamoja, na kule lambo mama zao wakaja mbio, maji yakiwadondoka midomoni.

"Rudi nyuma," mzee akaniambia. "Huyo kaachiwa watoto wa watu."

Nikarudi. Jike aliendelea kunikazia macho hadi mama wa mwisho alipofika kwa mwanawe, ndipo naye akashuka kwenda kunywa.

Jioni tulipitia zizini. Mzee akaongeza jiwe la chumvi yenye madini kwenye kihori, kisha akamwaga mifupa ya siku ile shimoni ili ichomwe. Mtamba mwekundu alikuwa wa kwanza kufika kihorini.