Habu za Hilux zikilia, tega sikio kabla ya kushika spana

Hilux LN106, ile yenye ekseli nzima mbele na habu za kuzungusha kwa mkono (vifungio vya katikati ya tairi la mbele: LOCK huunganisha tairi na shafti, FREE huliachia), bado ni ngangari, na malalamiko yake ni yale yale: tairi la mbele linalia. Wengi hukimbilia duka la spea kununua beringi. Mara nyingi beringi haina kosa; imelegea tu, au habu imeshindiliwa grisi hadi meno yake hayaachani vizuri.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Acha gia ya foo-wili kwenye H2, yaani matairi ya nyuma tu yakivuta, upite barabara moja kwa mwendo uleule, kwanza habu zote mbili zikiwa FREE, kisha LOCK. Mngurumo usiobadilika, unaopanda na mwendo na kuzidi ukikata kulia, ni beringi ya kushoto, maana uzito umeegemea huko. Mkwaruzo unaosikika kwenye FREE na kunyamaza kwenye LOCK ni meno ya habu yanayogusana nusunusu. Kelele ikija kwenye LOCK peke yake, beringi ziache. Sasa shafti ndiyo inayozunguka, kwa hiyo kagua bushi iliyo ndani ya lile bomba linalobeba beringi, au jointi ndani ya tufe la mwisho wa ekseli, hasa ikigonga tak-tak kwenye kona kali.

Kufungua si kazi ngumu. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, piga jeki, weka stendi chini ya ekseli na mawe kwenye matairi ya nyuma, kisha toa tairi. Weka habu FREE, toa bolti 6 za kifuniko kwa spana ya 10. Ili sirklipu, ile pete inayoizuia ncha ya shafti, itoke, funga bolti ya milimita 8 kwenye tundu la shafti na uivute kuja nje. Kisha nati 6 za mwili wa habu. Zile washa za koni hung'ang'ania: zirudishe nati hadi usawa wa ncha za studi ili nyuzi zisiumie, ugonge mwili wa habu kwa nyundo na kipande cha shaba mpaka washa ziruke.

Ndani kuna nati mbili kubwa na washa ya kukunja katikati. Tumia soketi ya 54. Patasi na nyundo, desturi ya gereji nyingi, hung'ata kingo za nati na kumwaga chembe za chuma ndani ya beringi, kisha mtu analaumu spea mbovu. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, ifungue kwanza uining'inize kwa waya, si kwa mpira wake wa breki.

Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke zenyewe. Usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Roli zenye vijishimo, au rangi ya bluu ya kuungua, hazina dawa: badilisha beringi pamoja na kikombe chake (pete ya nje ambamo roli huzunguka), na oili sili, ile ya kuzuia grisi isitoke, iwe mpya kila mara. Shindilia grisi kwa kiganja upande mpana wa beringi hadi itokeze upande wa pili. Lakini kwenye meno ya habu paka utando mwembamba tu. Hapo ndipo wengi huharibu: grisi nzito huzuia kipande kinachoteleza kurudi hadi mwisho, na mkwaruzo wa FREE unaanzia hapo.

Kukaza ndiko kunakoamua yote. Kaza nati ya ndani kwa Nm 59 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya torki), zungusha habu kubwa yenye studi za tairi kulia na kushoto mara chache roli zikae, ilegeze hadi izunguke kwa mkono, kisha ikaze tena kidogo kidogo. Nasa mizani ya kuning'iniza, hata ile ya muuza samaki, kwenye studi ya tairi na uvute kufuata mzunguko: habu ianze kusogea kati ya kilo 2.8 na 5.7. Chini ya hapo tairi litacheza na kulia. Juu ya hapo beringi itaungua. Weka washa, kaza nati ya nje, pima tena, kwani nati hiyo husukuma ile ya ndani. Ikiwa sawa, kunja sikio moja la washa kuelekea ndani na jingine nje.

Kifuniko kirudi kikiwa FREE, vishikizo vyake vikikaa kwenye sehemu zisizo na meno. Nati 6 za mwili wa habu kwa Nm 31, bolti ndogo za kifuniko kwa Nm 10 tu, zikizidishwa hukatika. Endesha kama kilomita 20 na uguse habu: vuguvugu si tatizo, lakini ikikuchoma mkono, fungua ulegeze.