Themostati Mpya Kabla ya Baridi ya Minneapolis
Jumamosi iliyopita, kabla baridi ya Minneapolis, Marekani, haijakaza, niliiondoa ukutani themostati ya zamani, yaani kifaa kinachodhibiti joto la nyumba, na kufunga ile inayopangiwa saa. Nilizima umeme, kisha nikazipiga picha nyaya kabla ya kuzifungua, kwa kuwa cha kuaminiwa ni herufi iliyoandikwa penye skrubu, wala si rangi ya waya: R huleta umeme wa volti 24, W huwasha tanuri la kupashia nyumba joto, Y kiyoyozi, na G feni. Waya wa C, unaokipa kifaa umeme wa kudumu, niliukuta umekunjwa ndani ya ukuta bila kuunganishwa popote, nikalazimika kushuka kuufunga kwenye tanuri pia. Sasa joto hushuka kutoka nyuzi 68 za Farenihaiti hadi 60 saa nne usiku, na hupanda tena alfajiri, kabla mama mkwe hajaamka kulalamika.