Kikulacho ki tangini mwako

Tumbawe likianza kuvuka ngozi, yaani ngozi yake hai ikabanduka na kubaki mfupa mtupu, kila mwenye tangi la maji chumvi la kufugia matumbawe hugeuka tabibu, na matabibu wote wana dawa moja: maji. Pima maji. Badilisha maji. Maji yako hayatulii. Nimeimbiwa wimbo huu na muuza duka, na wazee wa kazi hii wenye matangi makubwa kuliko jiko langu, hata na shemeji yangu ambaye hajawahi kufuga kuku. Maji yangu hayakuwa na kosa lolote. Ningewasikiliza mpaka mwisho, saa hizi ningekuwa na lita 300 za maji safi kabisa na mifupa mitupu ndani yake.

Mimi ni mtu wa Lamu, naishi Reading, Uingereza, na kichekesho chake nakijua, hamna haja ya kunikumbusha. Kwetu nyumba za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hata chokaa ya kutani imechomwa kutokana na matumbawe. Huku mimi nalipa pauni arubaini, na siku nyingine zaidi, kwa kitawi cha urefu wa kidole gumba. Mjomba wangu nilipomtajia bei kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nalala vizuri. Mpwa wangu akajitolea kuniletea mfuko mzima, bure. Nikamkataza upesi: matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na ukikamatwa nayo sandukuni bila vibali hiyo ni kesi, si zawadi.

Sasa tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo dawa zisizofaa zinapoanzia. Kupauka si kuvuka ngozi. Tumbawe likipauka, vijimwani vinavyoishi ndani ya ngozi yake na kulilisha vimeondoka, lakini ngozi yenyewe ipo, haina rangi tu, na ukisogeza jicho karibu utaona polipi, vile vijinyama vidogo vyenye midomo vinavyolijenga tumbawe, bado zinajitokeza. Ndicho kilichoipata pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikageuka nyeupe. Lililopauka linaweza kupona. Lakini palipovuka ngozi hakuna cha kupona: huo ni mfupa, na baada ya siku chache mwani utaota juu yake. Nimemwona mtu mzima akishangilia kwamba rangi inarudi. Ulikuwa mwani.

Na kuvuka kwenyewe kuna mwendo wa aina mbili. Kuna kule kwa ghafla, asubuhi tumbawe zima, jioni nyama inapeperuka na mkondo wa pampu. Hapo usipime chochote, kata vitawi vilivyo hai uviokoe. Wangu ulikuwa ule wa polepole, unaoanzia shinani na kupanda, upana wa ukucha kwa wiki, ukikupa muda wa kutosha wa kusikiliza ushauri mbaya.

Kupima nilipima, sikatai. Chumvi 35 kwa elfu, joto digrii 25 na nusu, alkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) digrii 8 za kipimo chake, kalsiamu 430, magnesiamu 1350, naitreti kama 5, fosfeti 0.05: yote mahali pake. Refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, niliisawazisha kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35, si kwa maji matupu, maana ukiisawazisha kwa maji matupu inaweza kusoma sawa pale kwenye sifuri na kukudanganya kule juu unakokuhitaji. Nilituma hata kichupa cha maji maabara Ujerumani kutafuta metali, kwa sababu sumaku ya pampu ikipasuka au skrubu ikishika kutu unaweza kuua tangi zima bila kujua. Shaba haikuonekana. Muuza duka akaitazama karatasi yangu, akatikisa kichwa, akasema basi alkali lazima inapanda na kushuka usiku nikiwa nimelala. Akaniuzia chupa. Niliporudi akaniuzia nyingine.

Lakini kuna kitu hakikuniingia akilini. Montipora zangu, aina moja ya tumbawe gumu, zilikuwa zinanenepa. Euphyllia, aina nyingine, zinapepea kwa raha zote. Acropora, ile ya matawi, peke yake ndiyo inayokufa. Nikamweleza, naye alikuwa na jibu tayari: Acropora ndiyo yenye kudeka, huumia kabla ya wenzake. Ni kweli, inadeka. Ila hata miongoni mwa Acropora zangu, zilizoumia zote zilikaa upande wa kushoto, na maradhi yalihama kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, moja baada ya nyingine, huku zile za kulia zikiwa hazina hata doa. Maji yanazunguka tangi zima. Maji hayana upande.

Hapo nikaacha vipimo nikaanza upelelezi. Taa za tangi zikishazimika, nilizima pampu uso wa maji utulie, nikachukua tochi na kuimulika kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mwanga wa juu unaficha kila kitu. Upande wa chini wa matawi, kule kivulini ambako hakuna anayetazama, kulikuwa na madoa madogo ya mviringo, yamefifia, kama kwamba mtu amegusagusa kwa kifutio. Hayo si ya alkali. Alkali haina mdomo.

Chombo kilichomaliza kesi sikukinunua. Ni kile kibomba chenye mpira wa kubinya ambacho Waingereza humwagia bata mzinga mchuzi wakati wa Krismasi. Mke wangu alikuwa nacho kabatini, hajawahi kukitumia. Nilitoa tumbawe moja, nikaliweka kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi, nikaanza kulipuliza maji kwa nguvu, shina hadi ncha, kila pembe. Mara ya kwanza, hola. Nikabinya tena pale penye madoa, na kipande cha tumbawe kikabanduka. Hivyo ndivyo nilivyodhani, kwamba nimelivunja. Kisha kile kipande kikajikunja, kikajikunjua, kikaanza kutembea kwenye sakafu ya bakuli.

Mnyoo bapa. Rangi ya tumbawe lenyewe kabisa, madoadoa ya polipi na yote, kwa sababu anakula ngozi hiyohiyo na kuivaa. Unaweza kumkodolea macho akiwa juu ya tawi na usimwone. Wanasayansi walimpa jina rasmi, Amakusaplana acroporae, mwaka 2011 tu. Wafugaji walikuwa wakimlaani miaka kabla ya hapo. Chakula chake ni Acropora, basi. Nilipuliza zote usiku ule, na waliodondoka walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kujua. Nilimwamsha mke wangu aje aone. Alichoona ni kibomba chake.

Niliambiwa kuchovya mara moja kunatosha. Duka linauza dawa za kuchovya, nyingine za mafuta ya mimea, unachanganya kwenye ndoo ya maji ya tangi, unazamisha tumbawe dakika kadhaa huku ukilipuliza, kisha unalisuuza kwenye maji safi ya chumvi. Maji ya dawa usiyarudishe tangini. (Iodini pia nilisifiwa. Inasafisha kidonda, lakini minyoo wangu waliogelea humo kama wako likizo.) Nilichovya zote, wakafa mbele ya macho yangu, nikawapigia picha na kuwatumia wale wazee wenye matangi makubwa. Wiki chache nilitembea kifua mbele. Kisha madoa yakarudi, mahali palepale.

Mayai, ndugu zangu. Dawa inamwua mnyoo, yai hailigusi. Na mama mnyoo ni mjanja: hatagi juu ya nyama, anataga kwenye mfupa mtupu, chini kidogo ya mstari ambapo ngozi hai inaishia. Kwa kioo cha kukuzia utayaona, rangi ya dhahabu iliyoungua, yamekaa pamoja kwa mafungu. Huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea joto. Nilijaribu kuyasugua kwa mswaki. Yale ya juu yalitoka; yaliyokuwa kwenye vishimo vya mfupa hayakujali.

Basi nikafanya kile ambacho kila mtu alinionya nisikifanye: nikazikata zote. Si kupunguza, kukata. Juu ya mstari wa kifo, ndani ya nyama hai kwa upana wa kidole, na shina lote pamoja na mfupa wake na mayai yake likaenda kwenye pipa la taka. Ukikata mle mle mstarini, umeyabeba mayai. Koleo la waya linaponda tawi, tafuta mkasi wa kukatia mifupa. Ile ya buluu, iliyokuwa na ukubwa wa sahani, ilibaki vitawi. Nilivibandika kwa supaglu ya jeli kwenye vigae vipya, vile vibao vidogo vya kusimamishia tumbawe, hakuna kigae cha zamani kilichobaki.

Vitawi sikuvirudisha. Vilikwenda kwenye boksi la plastiki bafuni, hita, pampu ndogo na taa yangu ya zamani, na maji mapya ya chumvi, si ya tangini, maana nani ajuaye ndani yake kuna nini. Kila wiki nikavichovya. Huko tangini nikawaacha waliobaki wafe njaa. Hapa watu husahau jambo: Acropora ikikaa muda mrefu hutandaza ngozi juu ya jiwe, na ukiacha hata kiraka cha ukubwa wa shilingi umewaachia chakula. Nilikwangua kwa patasi, nisipofikia nikaziba kwa epoksi ya kufinyanga. Karibu miezi miwili tangi halikuwa na Acropora hata moja. Bafuni kulikuwa na foleni.

Pia nilinunua samaki mdogo mwenye mistari ubavuni, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye anapatikana mpaka bahari ya kwetu. Mchana kutwa anachungulia matawini akitafuta cha kudonoa. Anasaidia, lakini mayai hayawezi, na ana roho mbaya kwa samaki wengine.

Nimepoteza mbili kabisa. Zilizobaki zimezaa vitawi vingi hata nauza, na pesa ya dawa, gundi na mkasi, pauni mia na kitu, inarudi polepole. Madoa sijayaona tena. Kila kipande kipya kinaanzia bafuni, na hakiingii nyumbani kwangu na kigae kilichokuja nacho, kwa sababu kama kuna yai, liko hapo chini, kwenye ile pembe kati ya gundi na mfupa. Muuza duka hapendi nikikivunja kigae palepale kaunta mbele ya wateja wengine. Nakivunja.