Kura niliyomwahidi kaka

Juzi peni ilinivujia kazini, wino ukanijaa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mwenzangu akaangua kicheko: "Kumbe wewe ushapiga kura?" Nikacheka naye, kisha nikaenda kunawa mbio kama mwizi.

Kaka yangu mnamjua. Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2015 alikuwa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, wa kufa na kuzikana, anazungusha mikono ya mabadiliko hata mezani tukila. Mimi nilishaangukia ACT-Wazalendo, chama ambacho hakikuwa kimemaliza hata miaka miwili tangu kisajiliwe. Lowassa atoke CCM, chama tawala, Julai, Oktoba awe ndiye mgombea wa mageuzi wa Ukawa? Ilinikwama kooni. Mgombea wangu alikuwa mama Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wanane.

"Mdogo wangu, urais hauna duru ya pili," kaka akasema Jumamosi usiku. "Anayeongoza kwa kura moja ndiye huyo. Ukimpa mama yako, umewapa CCM."

Tukapatana kama ndugu wanaogawana shamba: rais nimpe wa kwake, ubunge nibaki nao mimi. Nilikiri moyoni kwamba ina akili. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa kwa kura za ubunge, na chama kisichofikisha asilimia 5 nchi nzima kinaambulia patupu. Kwa hiyo kura yangu ya ubunge ingekuwa na kazi hata mgombea wetu akianguka.

Kesho yake foleni, jua, kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura, mkononi, nikafika kwenye kituturi. Boksi la karatasi ngumu juu ya dawati la shule lenye mguu mmoja mfupi. Kila nikiegemea, dawati linagonga sakafu, ko, na mimi naona kituo kizima kinanisikia. Nikaikunjua karatasi ya rais. Nyuso zote zile zinanitazama. Nikapeleka peni kwenye kisanduku cha Lowassa, ncha ikagusa, ikaacha nukta. Nukta tu, ndogo kama jicho la sisimizi. Nikaiangalia weee. Je, hii nayo inahesabika? Itaharibu kura? Nyuma msimamizi akakohoa. Mkono ukahama wenyewe, ukaweka vema kubwa kwa mama Mghwira.

Hapo hatia ikanipanda. Nikachukua karatasi ya ubunge, nikampa mtu wa Ukawa, kama anayelipa deni. Yaani mpango mzima nimeupindua, kichwa chini miguu juu. Ya udiwani hata sikumbuki.

Kaka alikuwa ananingoja chini ya mwembe. "Rais?"

"Nimekupa."

Akaninunulia soda. Nikainywa yote.

Mama alipata kura 98,763. Lowassa aliachwa na Magufuli wa CCM kwa zaidi ya milioni 2.8, kwa hiyo yangu isingemwokoa mtu. ACT ikapata mbunge mmoja, Kigoma Mjini. Mwaka 2017 mama akateuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro, baadaye akahamia CCM. Mbunge wa jimbo letu, yule wa Ukawa niliyempa kura, naye akavukia CCM kabla muhula haujaisha. Machi 2019 Lowassa akarudi nyumbani, CCM.

Jioni ile kaka akanipigia, sauti imeshuka. "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikulazimisha bure. Ungempa tu mama yako."

Nikamwambia yameshapita, kaka, usijali. Akashukuru sana, na mimi nikakata simu kabla hajaendelea.