Wikiendi ya binti yangu kwa Babu na Bibi, Mikindani

Jamani msimu wa korosho huku Mtwara ukichanganya binti yangu hakamatiki, kila ikifika Ijumaa ni wimbo mmoja tu, kwa Babu kwa Babu kwa Babu. Jumamosi asubuhi nikasema haya twende, tukapanda daladala mpaka Mikindani, ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini.

Tunafika tu mlangoni, shikamoo Babu, marahaba mke wangu, nilijua umeniacha umepata kijana wa mjini. Bibi naye huko uani anajibu, haya mke mwenza kaja, leo jikoni zamu yake mi napumzika. Mtoto ana miaka sita kashika kiuno anasema mimi sipiki nimekuja kutembea 😂. Mimi niliyeshika mabegi hakuna aliyenisalimia.

Bibi akamvua gauni akamfunga kanga shingoni, maana doa la bibo, lile tunda linaloshika korosho, ukishalipata ndo umeshalipata, hakuna sabuni. Wakaenda kuokota chini ya mikorosho, yeye kazi yake kunyofoa korosho kwenye mabibo, ila kila bibo jekundu linaishia mdomoni, baadae koo linamkereketa anakohoa halafu anachukua jingine.

Mchana ndo raha yenyewe, kuchoma. Babu ana kipande cha debe amekitoboa matundu, kinakaa juu ya mafiga, korosho zikishika moto zinaanza kutoa mafuta na kurusha cheche mpaka zinawaka zenyewe, na ule moshi usiombe ukukute upande upepo unakoelekea. Mtoto alikaa mbali na Bibi, anapiga kelele Babu zinaungua! Babu anamwambia subiri, subiri, halafu puu kazimwaga chini kazifukia mchanga, moto kwisha. Zilipopoa Bibi akampaka majivu viganjani ili yale mafuta yasimuunguze, akampa kijiwe, gonga hapa ubavuni taratibu. Za kwanza zote zilitoka unga. Ikaja moja nzima, nyeupe, haijavunjika hata kidogo, akaizungusha kwa kila mtu kutuonyesha halafu akagoma kuila.

Na hapo ndo biashara ikaanza. Si alikuwa na peremende zake kwenye begi, akaanza kununua korosho za Babu, kikombe cha plastiki kimejaa mpaka juu kwa peremende moja! Babu akaruka, we mtoto kangomba wewe, nakupeleka chama cha msingi! (Kwa wageni wa kusini, kangomba ni wale wanaonunua korosho za mkulima kwa vipimo vyao vya kijanja nje ya mnada, na chama cha msingi ni ushirika wa wakulima.) Huyu ni mzee ambaye sisi ukila korosho moja tu ya gunia la kuuza ulikuwa unajua kitakachokupata. Leo anacheka mpaka kofia inaanguka.

Jioni mimi nikarudi mjini, nikapiga simu usiku naambiwa mama niko bize nakula ming'oko (ile mizizi ya porini ya huku kwetu).

Jumapili Babu alimtembeza huko ufukweni, akamuonyesha lile boma la Wajerumani la mwaka 1895, akamwambia na yule mzungu Livingstone alipita hapa Mikindani 1866 akianza safari yake ya mwisho. Mtoto kauliza, ulimuona? Babu kamjibu nilimuuzia korosho lakini yeye alinipa hela, sio peremende. Sasa shuleni keshawasimulia wenzake wote na mwalimu kaniuliza babu yake ana miaka mingapi.

Jana Babu kapiga, hata habari za nyumbani hajauliza, nipe mke wangu, kuna vikombe viwili alichukua hajalipa. Nikasikia mtoto anamwambia Babu bei imeshuka. Nikawaachia simu wamalizane, vocha ni yake.